Mtoto Aliyenadiwa Gatitu

Wacera hakumzaa Murugi, hakumwokota barabarani, wala hakupewa na serikali. Alimnunua mnadani. Au tuseme alikaribia kumnunua, maana mnada haukufungwa, na ungefungwa siku ile kamati ya akina mama ingekosa kazi ya miaka mitatu.

Ilikuwa Jumapili ya mavuno, mwaka wa 1969. Siku hiyo kanisani kwetu Mungu huletewa kabichi, viazi, ndizi na kuku waliofungwa miguu, na kwa kuwa Mungu hali kabichi, vitu vyote hutolewa uani baada ya mahubiri vikanadiwa. Aliyeleta jogoo hurudi nyumbani na malenge, aliyeleta malenge hurudi na jogoo, na kanisa hupata bati. Mwenye kunadi alikuwa Wahome, mzee wa kanisa, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliopotea hadi Mweiga wakarudi kwa aibu.

Wahome aliinua kiondo kilichofunikwa kwa majani ya mgomba. "Hii ni nduma," akatangaza, ingawa hakuwa amefunua. "Nduma ya mtoni! Haihitaji meno. Nani anafungua bei?"

Wacera, mjane wa miaka arobaini na kitu, aliyependa magimbi hayo kuliko wachungaji, akainua mkono.

"Wacera amefungua! Nani anaongeza? Hakuna? Mara ya kwanza... Mara ya pili..."

Kiondo kikapiga chafya.

Wahome alikaa na kiondo juu kichwani kama mtu aliyeshikilia nyoka. Nduma za Gatitu zina sifa nyingi lakini hazipigi chafya. Majani yalipofunuliwa kulikuwa na mtoto wa kike, wa wiki mbili hivi, amefungwa kwa kitambaa safi. Mchungaji alisema ni muujiza. Akina mama walisema ni wasichana wa sekondari, na kila mmoja akaanza kukumbuka ni binti wa nani aliyevaa sweta kubwa mwezi uliopita. Hakuna aliyepatikana. Wacera alikuwa ameshamchukua mtoto kiondoni, na Wahome hakutamka ile mara ya tatu.

Kwa bahati, au kwa hila ya Mungu, Wacera alikuwa yaya katika Nyumba ya Watoto ya kanisa, nyumba ya bati yenye vitanda vinane. Kwa hivyo mtoto alitoka mikononi mwake akaingia mikononi mwake. Kamati ikamwambia ampe jina lolote la kuandika kwenye daftari, na hapo wakafanya kosa, maana hawakuuliza alikuwa akifikiria nini.

Kwetu jina halichaguliwi kama kitambaa dukani. Binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, wa pili jina la mama ya mama yake, na aliyeitwa hivyo ndiye huyo bibi amerudi. Wacera aliwahi kuzaa binti mmoja tu, Watiri, aliyeitwa mama ya mumewe. Watiri alifia katika kijiji cha Emajensi, walimofungiwa na serikali ya wakoloni, ndani ya ule uzio wa miba na handaki, mwaka wa 1955. Mume alichukuliwa kizuizini hakurudi. Basi jina la mama yake Wacera lilibaki limekaa miaka kumi na minne, kama mgeni aliyeambiwa asubiri nje, likingoja binti wa pili. Kamati ilipouliza jina, Wacera akajibu haraka mno: "Murugi."

Wakaandika. Hakuna aliyejua kwamba Murugi ndilo jina la mama yake. Tangu siku hiyo Wacera alimwita mtoto yule "mama". Alimwogesha akisema, "Mama, funga macho, sabuni." Alimlisha akisema, "Mama, usiteme." Watu walidhani ni mapenzi ya yaya. Kumbe mwanamke yule alikuwa amemaliza mambo ya kumtwaa mtoto bila hakimu, bila karatasi, na bila kumwambia mtu.

Baadaye alijaribu kwa karatasi pia. Wahome alimwandikia barua ya kuomba mtoto, na kamati ikamwita. Mwenyekiti alikuwa Monicah, mke wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mama mwenye kofia kubwa kiasi kwamba waliokaa nyuma yake kanisani walimjua Mungu kwa masikio tu.

"Wacera, uko na bwana?" akauliza.

"Sina. Unajua alienda wapi."

"Uko na nyumba?"

"Niko na chumba."

"Na wewe ni mfanyakazi wetu. Kila yaya akibeba mtoto moja aende na yeye, hii nyumba itabaki na nini? Vitanda?"

Kikao kilichukua dakika sita. Chai iliyofuata ilichukua saa nzima.

Mwaka wa 1972 wakaja Wadenmaki. Jens alikuwa fundi seremala, mrefu sana, na kila mlango wa Nyeri ulimpiga kipajini kumkaribisha. Mkewe, Kirsten, alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Walikuwa wamengoja mtoto wao wenyewe miaka tisa. Sasa walikuja kuchukua wetu, na kamati, iliyomwona mjane mwenye chumba kimoja kuwa hatari kwa mtoto, haikuona hatari yoyote kwa watu wawili ambao haikuwa imewahi kuonja chai yao. Sharti lilikuwa moja: wakae na mtoto papa hapa miezi mitatu, kisha afisa wa watoto atoke Nairobi aje aone kama amewazoea. Akiwa amewazoea, karatasi ziende kwa hakimu. Kama bado, mtoto arudi kitandani kwake katika Nyumba ya Watoto, na wao warudi kwao na mabegi yao.

Wacera alisikia sharti hilo akiwa anaanika nepi. Akalirudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Kama bado, mtoto arudi.

Siku ya kukabidhi walifanya sherehe yenye hotuba nne. Murugi, karibu miaka mitatu, alivalishwa gauni jeupe lililomkwaruza shingo. Monicah akasema mtoto huyu ni daraja kati ya mabara mawili. Daraja lenyewe lilikuwa limemshika Wacera sweta kwa ngumi mbili, na walipolibandua liliondoka na kifungo.

Wadenmaki walikuwa wamepanga nyumba ya mbao nje kidogo ya Gatitu, ng'ambo ya mashamba ya kahawa, nyumba aliyoacha karani mmoja wa kizungu Uhuru ulipokuja. Wiki ya kwanza Wacera aliruhusiwa kwenda mchana kusaidia. Kirsten alikuwa amejifunza Kiswahili kutoka kitabuni, Kiswahili kisafi ambacho hapa Nyeri hakikuwa kimewahi kupanda mlima.

"Je, bibi, mtoto amependezwa na chakula chake?" akauliza.

Wacera akatazama bakuli. Mlikuwa na samaki wa mkebe. "Hiyo hawezi kula. Hiyo inamuangalia."

Mtoto hakula samaki, hakula mkate, hakulala kwenye kitanda chenye kizuizi alichokitengeneza Jens kwa mbao za mierezi. Alilala chini ya kitanda hicho. Kirsten alipomwogesha maji ya moto na povu, Murugi alipiga yowe hadi wachuma kahawa wakasimama mistarini. Akamnunulia mwanasesere mwenye macho ya kufumba; Murugi akamzika kwenye shimo la takataka. Akamtia katika kigari cha mtoto chenye magurudumu manne, akamsukuma kwenye barabara ya udongo mwekundu, siku ya mvua, na wanawake waliotoka sokoni wakasimama kando.

"Haiya, mzungu anasukuma mtoto kama kuni!"

"Ati mgongo ameacha Ulaya?"

Kirsten akatabasamu, akawaambia shikamoo, na kigari kikazama tope hadi ekseli.

Kila jioni Wacera alipoondoka, Murugi alilia. Na kila alipolia, kulikuwa na kitu ndani ya Wacera kilichoketi vizuri zaidi kwenye kiti chake. Hebu tusimfanye malaika. Malaika hawavai sweta lenye kifungo kilichong'oka wakakataa kushona kingine.

Wiki ya pili Monicah alifika na kofia yake. "Wacera, usirudi kwa hiyo nyumba. Huyu mtoto hawezi kuzoea mama yake kama wewe uko hapo unanuka yaya. Wacha akusahau."

"Na akikataa kusahau?"

"Mtoto wa miaka tatu? Hata mimi nimesahau ndoa yangu ya kwanza."

Wacera akasema sawa. Na asubuhi iliyofuata, saa nne, akachukua mtungi kwenda kuchota maji. Bomba lilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni mwake, upande wa kulia. Yeye akakata kushoto, akapita kahawa yote, akafika kwenye ua wa michongoma wa nyumba ya Wadenmaki. Akakohoa mara mbili. Kisha akaimba ule wimbo wa kanisa aliokuwa akiuimba akiogesha watoto, wimbo wa kondoo na mchungaji, kwa sauti ya mtu anayejiimbia tu.

Ndani ya nyumba mlango ukapigwa. Miguu midogo ikaja mbio. Murugi akajitupa kwenye ua, akatia mkono kati ya miiba, akalia, "Tata! Tata!" ambalo ndilo neno la kumwita shangazi, na ndilo alilofundishwa. Wacera hakumgusa. Hakusimama hata. Aliendelea kutembea akiimba, mtungi mtupu kichwani, machozi yakimwingia mdomoni.

Akafanya hivyo kila siku. Majirani waliona. Gatitu haina kitu kinachopita bila kuonwa, ila mali ya kanisa. Mwanamke aliyepita na mtungi akielekea mahali pasipo na maji alitoa mada kwa wiki tatu.

"Wacera, unachota nini huko?" Wahome alimuuliza siku moja barabarani.

"Maji."

"Hiyo mtungi haina maji."

"Basi bado sijafika."

Wahome akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu liko humo. "Mama Watiri," akasema, na ilikuwa miaka mingi tangu mtu amwite hivyo, "hiyo kitu unafanya, unajua ni nini?"

"Najua. Na wewe ungesema tatu siku ile, singefanya."

Wahome akarudisha kofia kichwani akaenda zake.

Habari za nyumba ya mbao zilifika kwa Wacera kupitia mwanamke aliyewafulia nguo. Mtoto amekonda. Daktari wa mjini amemwangalia, hana ugonjwa. Mama mzungu naye hali chakula vizuri. Bwana anachonga tu mbao, mbao, amechonga farasi mzima na hakuna wa kumpanda. Afisa anakuja baada ya wiki tano. Wacera alisikiliza akikunja nepi, akasema maskini, na mikono yake ikakunja haraka zaidi. Alikuwa anashinda. Alijua hivyo kama anavyojua mchezaji wa bao akiona kete zinamwelekea. Kitanda cha Murugi katika Nyumba ya Watoto alikitandika upya, ingawa hakuna aliyemwomba.

Kisha ikaja Alhamisi moja.

Alifika kwenye ua saa nne. Akakohoa. Kimya. Akaimba ubeti wa kwanza. Mlango haukupigwa. Akafikiri wamehama. Akaimba wa pili, akasogea mahali michongoma ilipopungua, akachungulia.

Murugi alikuwa ameketi barazani, mgongo ukutani, miguu imenyooka. Alikuwa anamtazama Wacera. Alimwona vizuri, maana macho yake yalifuata mtungi. Lakini hakuinuka, hakuita, hakulia. Nzi alitua kwenye mdomo wake, na hakumfukuza.

Mtungi ukaanguka.

Wacera alikuwa amewahi kuona kitu hicho mara moja tu. Watiri naye alilia njaa siku nyingi ndani ya ule uzio wa miba, na Wacera alikuwa amemwomba Mungu anyamaze, maana askari walichukia kelele. Siku alipoacha kulia, Wacera alishukuru. Ilikuwa asubuhi. Mchana alielewa. Mtoto anayelia bado anaamini kuna mtu. Aliyenyamaza amekwisha kutuzika sisi wote na anangoja tu zamu yake.

Hakuzunguka kutafuta lango. Alipita palepale katikati ya michongoma, na alama zake alikuwa nazo mikononi hadi alipokufa.

Kirsten alitokea mlangoni, nywele hazijachanwa, kijiko mkononi. Wakatazamana. Wacera akangoja kufukuzwa.

"Karibu, bibi," Kirsten akasema. "Wewe ndiwe unayekohoa."

"Ulijua?"

"Kila siku, saa nne."

"Na kwa nini hukuleta polisi? Hata mbwa?"

Kirsten alitafuta maneno katika kile kitabu cha kichwani mwake. "Kwa sababu ndiyo saa pekee aliyokuwa anatoka chini ya kitanda."

Wacera akapanda barazani. Akamchukua Murugi. Alikuwa mwepesi kama kiondo kisicho na nduma. Akaomba uji, ukaletwa uji wa shayiri wenye sukari nyingi. Akautazama kwa huruma, akapeleka kijiko mdomoni mwa mtoto. Mdomo haukufunguka. Hata kwake. Hapo ndipo alipojua kwamba amefanya kazi yake vizuri kupita alivyokusudia: hakumtenga mtoto na mzungu tu, alimtenga na watu.

"Kaa hapa," akamwambia Kirsten. "Chini. Karibu na mimi. Karibu, mimi siumi."

Kirsten akaketi sakafuni.

"Fungua mdomo."

"Mimi?"

"Si wewe nasema?"

Akamlisha. Mwanamke mzima, mwalimu wa watu, akalishwa uji kwa kijiko na kufutwa kidevu. Kisha Wacera akampa kijiko. "Sasa nipe mimi." Kirsten akamlisha Wacera, nusu ya uji ikaishia kwenye sweta. Wakaendelea hivyo, wewe, mimi, wewe, mimi, kama wendawazimu wawili, Jens akiwa amesimama mlangoni, kipaji kikiwa na nundu mpya, hajui aingie au aombe. Duru ya tano au ya sita, Murugi akageuza kichwa. Duru iliyofuata akafungua mdomo. Kijiko kilikuwa mkononi mwa Kirsten.

Kirsten alitaka kulia. Wacera akamkanya. "Usilie, atafikiri uji ni mbaya. Ni mbaya, lakini usimwambie."

Siku ile, mtoto akiwa amelala kati yao, Wacera alimweleza. Alitumia Kiswahili chake cha Gatitu, na Kirsten akakifuata kwa shida.

"Hii mtoto ni Murugi. Murugi ni mama yangu. Si mchezo. Ni jina la mama yangu mwenyewe nilimpatia. Wewe ukimbeba uende Ulaya, unanibebea mama."

Kirsten akamfunika mtoto miguu. "Sisi tulitaka kumwita jina la mama yangu," akasema. "Inger."

"Unaona? Hata nyinyi mnajua."

"Basi mimi ni mwizi?"

"Mimi pia ni mwizi. Hiyo jina sikuwa na haki." Wacera akamkuna mtoto kichwani. "Jina ya mama yangu inaweza kupewa mtoto wangu, ama mtoto wa dada yangu. Dada sina."

Lilibaki hapo, lile neno, kama kuku aliyeingia sebuleni na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kumfukuza.

Ni Wacera aliyekwenda kwa Wahome kesho yake. Zamani kwetu mgeni aliyetaka kuwa wa ukoo alizaliwa kwa mbuzi: mbuzi huchinjwa, mgeni huvishwa ukanda wa ngozi mkononi, watu wanakula, basi, amezaliwa, na asiyekubali aulizwe kama hakula.

"Hiyo mambo sisi wakristo tuliacha," Wahome akasema.

"Hamkuacha. Mlificha."

"Na nani anamzaa? Kama atakuwa dada yako, lazima azaliwe na mama yako. Na mama yako nilimzika mimi mwenyewe, nilishika jembe."

"Mama yangu anakunywa uji kwa ile nyumba ya mbao."

 Wahome alikuwa ameona mengi, lakini hakuwa amewahi kusikia mama wa thelathini na sita akizaliwa na mtoto wa miaka mitatu. Akasema mila haina kitu kama hicho. Kisha akasema mila haina pia kitu cha kukikataza. Kisha akauliza mbuzi ni wa rangi gani.

Walichinja Jumamosi, nyuma ya nyumba ya mbao, Wahome akiwa amefungua kwa sala ndefu ya kikristo ili wambeya wasipate mahali pa kushika. Kirsten aliketi kwenye nyasi. Murugi akawekwa nyuma yake. Wacera akampa ule ukanda wa ngozi, bado na manyoya. "Mama," akamwambia, "mvalishe mtoto wako." Murugi aliukagua, akaunusa, akakunja uso. Kisha, kwa uzito wa mtu anayevalisha mwanasesere ambaye safari hii hana mpango wa kumzika, akausukuma kwenye kiganja cheupe hadi ukakwama penye kifundo.

Ndipo ikatokea kofia ya Monicah langoni, na Monicah chini yake.

"Nimesikia kuna ushenzi hapa!"

"Ni mbuzi tu, mwenyekiti," Wahome akasema.

"Kamati haikuambiwa! Wacera, nilikuambia nini? Kamati itakaa, kamati itaandika..." Moshi ukageuka ukamwelekea. Akanusa. "Hiyo mbavu ni ya nani?"

Akapewa mbavu. Kwa mila, basi, hata kamati ilikubali.

Usidhani mtoto alipona Jumapili. Jumapili alilia kutwa, na Wacera alifurahi kusikia kilio kile kuliko kwaya. Kazi yenyewe ilianza Jumatatu. Wacera alileta kigoda chake cha miguu mitatu kutoka nyumbani. Siku ya kwanza alikiweka sakafuni ubavuni mwa Kirsten wakati wa uji, mtoto katikati. Siku ya pili alikisogeza hatua moja kuelekea mlangoni. Siku ya tatu, hatua nyingine. Hakueleza mtu. Alimfundisha Kirsten kumfunga Murugi mgongoni kwa shuka, kuinama, kurusha, kuvuta, kukaza kifuani. Mara ya kwanza mtoto aliteleza hadi makalioni na wachuma kahawa wakapiga vigelegele vya dhihaka. Kigari cha magurudumu manne wakafugia kuku.

Kigoda kikafika kizingitini wiki ya pili. Hapo kilikaa siku tatu, maana Murugi alikataa. Akimwona Wacera anakisogeza, aliacha kula. Wacera akakirudisha nyuma hatua moja, akangoja, akakisogeza tena. Halafu barazani. Halafu kwenye ngazi.

"Kiti kinatembea," Jens alimwambia mkewe.

"Nyamaza," Kirsten akasema. Alikuwa amekiona tangu siku ya pili.

Siku moja kigoda kikiwa kwenye nyasi, Wacera alimsikia Murugi ndani akicheka. Alikuwa anacheka na Kirsten, kicheko chake kile cha kukwama kooni, alichokuwa akikitoa zamani akioshwa masikio. Wacera alishika kigoda kwa mikono miwili, chini yake, kama mtu aliye kwenye mkokoteni unaoshuka kilima. Akajizuia asikohoe.

Afisa alipokuja, kigoda kilikuwa langoni. Alikuwa kijana mwenye faili. Murugi alipomwona mgeni, alishtuka, akakimbia. Alikimbia kutoka barabarani, ambako alikuwa akifukuza kuku, akaja moja kwa moja upande wa Wacera. Wacera akaona mikono ile inakuja. Mwili wake ukainuka wenyewe. Na mtoto akampita, upepo wa gauni ukamgusa goti, akaenda kujificha nyuma ya sketi ya Kirsten.

Afisa akaandika.

"Na huyu mama hapa langoni ni nani?" akauliza.

"Ni dada yangu," Kirsten akajibu. Afisa akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaangalia ile ngozi ya mbuzi mkononi mwa Mdenmaki, akaamua kwamba faili haina mahali pa jambo hilo.

Hakimu akatia sahihi. Jina likabaki Murugi, na Inger likawekwa nyuma yake, jina la mama ya Kirsten; baba naye alikuwa na haki yake, ila mama ya Jens alikuwa na jina ambalo Gatitu nzima ilijaribu kulitamka ikashindwa.

Waliondoka saa tano asubuhi, kwa gari la kukodi. Kamati ilitaka hotuba, ilinyimwa. Murugi alikuwa mgongoni mwa Kirsten, amefungwa kwa shuka la Wacera, shavu limelala, jicho moja wazi. "Tata, kwaheri," alisema alipoambiwa aseme, kwa adabu ya mtoto anayesafiri na mama yake. Kirsten alimkumbatia Wacera bila neno. Kitabu kilikuwa kimemwishia. Gari likaingia kwenye vumbi la kahawa. Mtoto hakugeuka. Wacera alikuwa amefanya kazi wiki tano ili asigeuke, na sasa alisimama pale akiomba ageuke.

Wahome alikuwa kando yake, kofia mkononi.

"Wahome."

"Naam, Mama Watiri."

"Maliza."

Mzee hakuuliza amalize nini. Alijaribu mara mbili, na ile sauti ya kuita ng'ombe wa Mweiga ilitoka ndogo, kama ya mtu anayeongea ndani ya kiondo.

"Mara ya tatu."

Wacera akachukua kigoda akaenda kazini. Nepi zilikuwa zimerundikana. Kitandani mwa Murugi kulikuwa na mtoto mpya, wa kike, aliyeletwa juzi na watu wa Kangari, na Monicah alikuwa amesimama hapo na daftari, kalamu tayari.

"Huyu bado hana jina. Wewe Wacera ni mtu wa majina. Tuandike nani?"

Wacera akamfunua mtoto, akamtazama usoni, akamfunika.

"Uliza mtu mwingine," akasema, akaenda kuweka maji motoni.